Jozi ya Tatu

Askari aliyeitwa Redio hakuwepo kwenye mstari Jumanne saa kumi na mbili na robo asubuhi. Watu saba walisimama kandokando ya jeneza la mchanga, lile la mazoezi, wanne kulia na watatu kushoto, na kila aliyekuwa uwanjani aliliona lile pengo kabla Kapteni wa gwaride hajaanza kuhesabu. Kapteni alihesabu hata hivyo. Akahesabu tena, kana kwamba mara ya pili askari angeota kutoka ardhini.

"Jozi ya tatu kushoto. Yuko wapi?"

Wa kujibu alikuwa pacha wake wa kubeba jeneza, jozi ya tatu kulia, askari mrefu mtulivu ambaye kambi nzima ilimwita Nguzo.

"Sijui, afande. Nimeamka nimekuta kitanda chake kimetandikwa."

Zilibaki siku nne Rais mstaafu azikwe. Saa mbili simu ilipigwa ofisi ya upelelezi ya jeshi, na saa tatu kasoro robo Sajini alikuwa langoni na daftari lake mfukoni. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Mara ya mwisho kuingia kambi ile kwa kazi ya mazishi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuja kupeleleza. Alikuwa jozi ya pili kushoto.

Alianza na mlinzi wa lango.

"Alitoka saa kumi na moja alfajiri," mlinzi alisema. "Na gunia la mkate. Nikajua anakwenda kuoka... yaani kuchukua mikate kwa mwokaji. Kila siku kuna mtu anakwenda."

"Alisema nini?"

"Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, afande. Hakusema kitu. Yule bwana akipita hapa hata dakika moja utajua habari za shangazi yake, za timu yake, za meno yake. Leo kimya. Nikamwambia, vipi, betri zimekwisha? Akaniangalia tu."

Sajini aliandika: *kimya*. Akapiga mstari chini yake.

Kapteni alimngojea kwenye kivuli cha ghala. Alikuwa kijana, mwenye umri wa kuwa mwanawe Sajini, na alikuwa na haraka.

"Ni woga," alisema. "Jana alikuja kwangu anasema bega linamuuma, atolewe. Daktari amemkagua, bega ni zima kama chuma. Leo ametoroka. Mimi nimemaliza upelelezi wako, unaweza kwenda kunywa chai."

"Chai nitakunywa, afande. Na pacha wake?"

"Kanuni unaijua."

Sajini aliijua. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeusi ukutani mwa ghala tangu enzi zake, ya tatu kutoka juu: jozi huingia pamoja na hutoka pamoja. Mmoja akianguka, akiugua, au akikosea, wote wawili hutolewa siku hiyohiyo. Hurudishiwa simu na barua zao kwa karani, hupanda gari la saa sita mpaka stendi ya mabasi, na kutoka hapo kila mtu huenda kwao kwa mapumziko ya wiki moja kabla ya kurudi kikosini. Jozi ya akiba huchukua nafasi yao.

"Nguzo asiondoke," Sajini alisema. "Ni shahidi wangu wa kwanza. Namhitaji hapa mpaka nimalize."

Kapteni alimtazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea. "Wewe ndiye unayesema, si mimi."

"Ni mimi."

"Basi andika na utie sahihi."

Sajini akaandika na kutia sahihi.

Nguzo aliletwa kwenye chumba cha kunyooshea nguo. Alikaa kwenye kiti magoti yakiwa karibu na kidevu, maana kiti kilikuwa cha watu wa kawaida.

"Mmejuana lini na mwenzako?"

"Alhamisi, afande. Siku ya kuchaguliwa."

"Kabla ya hapo?"

"Sikumjua."

"Kwa hiyo siku tano."

"Siku tano za Redio ni nyingi, afande."

Sajini nusura acheke. "Aliongea nini?"

"Kila kitu. Ila tangu Jumapili jioni alikatika. Nikamuuliza kama nimemkosea, akasema hapana. Jana asubuhi akanipa yai lake."

"Yai?"

"La kifungua kinywa. Akasema kula, utalihitaji. Halafu akaniuliza basi la kwetu linaondoka saa ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Saa kumi alasiri. Liko moja tu kwa siku. Kufika ni alfajiri."

"Kwa nini aliuliza?"

"Sijui. Redio huuliza kila kitu. Aliwahi kuniuliza kwetu kuna mbuzi wangapi."

"Jumapili mlifanya nini?"

"Mazoezi asubuhi. Mchana ilikuwa zamu yetu ya ofisi, karani alikwenda kula. Yeye alikaa kwenye simu, mimi nilisimama mlangoni na funguo. Baada ya hapo tulifua."

"Mligombana?"

"Hapana."

"Una shida yoyote nyumbani?"

"Mama anaumwa mguu, kisukari. Niliomba Ijumaa nipige simu, nikaambiwa mpaka mazishi yaishe." Nguzo alitazama mikono yake. "Ni utaratibu, sikulalamika. Afande, mimi natolewa?"

"Hutolewi."

"Ahsante, afande," Nguzo alisema, na uso wake ukafunguka. "Nilitaka mama anione kwenye televisheni."

Mchana ule Sajini alifuata njia ambayo mpelelezi yeyote angeifuata. Nani anafaidika jozi ya tatu ikitolewa? Jozi ya akiba. Kwa siku tano watu wawili walikuwa wakitembea nyuma ya jeneza bila kuligusa, na nchi nzima ingewaona tu kama nane wa mbele wangepungua. Mmoja wao aliitwa Chumvi, kwa kuwa alikuwa haongezwi mpaka mwisho. Asubuhi ile ndiye aliyeingizwa kwa muda kuziba pengo la Redio.

"Ulimpenda Redio?"

"Nani asiyempenda? Labda mtu anayetaka kulala."

"Uliwahi kumtisha?"

"Mimi?" Chumvi alijishika kifua. "Afande, mimi nimekuwa akiba tangu shule. Timu ya mpira, akiba. Kwaya, akiba. Hata kwa mke wangu nilikuwa wa akiba, yule wa kwanza alikwenda ng'ambo. Nikianza kutisha watu sasa hivi nitakuwa nimechelewa sana."

"Jumatatu usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, na pacha wangu kitanda cha pili, anakoroma. Muulize yeyote. Na afande, hata nikiingia, mimi na pacha wangu mabega yetu yamepungua urefu kwa kidole kizima. Leo nimebeba, jeneza limelalia upande wangu kama limesinzia. Kapteni amenitukana ukoo mzima."

Sajini alimwamini. Alikipekua kitanda cha Redio, akapekua sanduku lake, akasoma barua mbili za dada yake zilizojaa habari za bei ya mabati. Hakukuwa na kitu. Akaenda ghala la sare, mahali ambapo, kwa maneno ya askari wa zamu, Redio alionekana na taa Jumatatu usiku, na nyuma ya mlango akakuta kitu ambacho hakukielewa: makoti mawili ya gwaride yametundikwa kwenye msumari mmoja, la Redio na la Nguzo, moja ndani ya jingine. Mifukoni glavu nyeupe zilikuwa zimebadilishwa. Za Redio zilikuwa kwenye koti la Nguzo, za Nguzo kwenye koti la Redio.

Aliandika: *mzaha?* Siku ikaisha hivyo.

Jumatano saa tano alirudi ghalani. Mama Fundi alikuwa amerejea kutoka kliniki ya macho. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mshonaji wa kiraia aliyeajiriwa akiwa msichana, na alikuwa ameshona makoti ya mazishi yote makubwa tangu wakati huo. Alimtazama Sajini kupitia miwani mipya, akaishusha, akaipandisha.

"Wewe ni jozi ya pili kushoto."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Bega lako bado liko pale pale lakini?"

"Sijui."

"Nenda mlangoni tuone."

Mlango wa ghala lile ulikuwa ndio mwanzo wa kazi yote. Kwenye mwimo wake, upande wa kulia, kulikuwa na mfuo uliochongwa kwa kisu miaka mingi kabla ya Kapteni kuzaliwa. Alhamisi iliyopita watu zaidi ya mia tatu walikuwa wameletwa kutoka vikosi vyote. Walivua viatu, wakapita pale mmoja mmoja na kusimama ubavu. Hakuna aliyepimwa kichwa. Shingo ya mtu hudanganya, na jeneza halikai juu ya kichwa. Aliyezidi mfuo kwa kidole alikwenda zake, aliyepungua kwa kidole aliwekwa kando kwa ajili ya akiba. Walibaki arobaini. Wale arobaini walisimamishwa juani saa mbili, mikono ubavuni, nzi wakifanya walivyotaka. Aliyeyumba alitoka. Walibaki ishirini na wawili.

Kisha ikaja sehemu ambayo Sajini aliikumbuka kuliko zote. Waliwekwa wawili wawili, wakaambiwa wafumbe macho na kutembea hatua mia moja uwanjani, polepole, bila kushikana, bila kunena. Wengi walitawanyika kama kuku. Jozi mbili zilipishana zikagongana. Lakini kuna wawili wawili ambao, bila kujua kwa nini, walifika mwisho bega kwa bega, mguu wa kushoto pamoja. Hao ndio waliochaguliwa. Tangu siku hiyo walilala vitanda vya jirani, wakala meza moja, wakaenda msalani pamoja, mpaka hatua zao zikawa hatua moja. Waliitwa mapacha.

Sajini alisimama kwenye mwimo. Bega lake lilikuwa chini ya mfuo kwa nusu kidole.

"Ndivyo ilivyo," Mama Fundi alisema. "Mwili unarudi chini kidogo kidogo."

Chini ya mfuo kulikuwa na majina yaliyoandikwa kwa penseli, jozi baada ya jozi, mazishi baada ya mazishi, mengine yamefutika. La Sajini lilikuwa pale, jina la utani la ujanani ambalo hakuna mtu aliyemwita tena, na kando yake: Msumari.

"Na yeye yuko wapi siku hizi? Yule mwenye kucheka cheka."

"Alifariki mwaka jana."

Mama Fundi akaacha sindano. "Pole, mwanangu. Nani alimbeba?"

"Wanawe. Nilipata habari Jumatano, walikuwa wamezika Jumanne. Nilikuwa na kesi, simu nimeizima."

Mama Fundi akaokota sindano. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Sajini ndiye aliyerudi kwenye kazi.

"Mama, kuna mtu amefanya mzaha na makoti yako. Angalia nyuma ya mlango."

Alikwenda akaangalia. Hakucheka.

"Huu si mzaha. Hii ni jozi imetolewa. Ndivyo wanavyokabidhi: msumari mmoja, na kila mtu anabaki na glavu za mwenzake. Walianza wenyewe zamani, mimi nikawaachia. Hujui?"

"Sijawahi kuona."

"Utaionaje, na wewe hukuwahi kutolewa?" Alilipapasa koti la nje. "Ila wanatundika wote wawili, pamoja. Huyu ametundika peke yake kwa niaba ya mwenzake. Alitaka jozi nzima itoke."

Sajini alikaa juu ya sanduku la vifungo. Alifungua daftari na kusoma maneno yake mwenyewe kutoka juu. *Kimya.* Bega bovu ambalo si bovu. Yai. Basi la saa kumi. Mtu anayetaka kukimbia peke yake huuliza basi la kwao, haulizi basi la kwa mwenzake. Mtu mwoga huomba atolewe kisha akikataliwa hujificha, lakini hapotezi saa nzima ya usiku kutundika koti la mtu mwingine. Redio alitaka Nguzo aende nyumbani. Hakuweza kumwambia sababu. Na alianza kunyamaza Jumapili jioni, baada ya mchana ambao yeye alikaa kwenye simu, na Nguzo alisimama mlangoni.

"Mama, ofisi ya karani bado iko kule kule?"

"Kule kule. Na karani naye ni wa namna ile ile."

Karani alikuwa anapanga bahasha. Sajini aliomba daftari la ujumbe.

"Lile halitolewi kabla ya mazishi kwisha, afande. Vijana wasitikiswe. Ndiyo maana simu zao ziko kwenye lile gunia."

"Mimi si kijana. Lifungue."

Jumapili ilikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko mkubwa wa duara, ule ule ulioandika jina la Redio juu ya sanduku lake. *Saa saba na dakika ishirini. Mjomba wa Nguzo amepiga. Mama mzazi amefariki alfajiri. Mazishi Alhamisi saa nane mchana. Wanamsubiri yeye, ndiye mtoto pekee.* Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya karani: *Izuiwe hadi Jumamosi jioni.*

"Aliyeandika alikuambia nini?"

"Alisema, bosi, huyu yuko pale mlangoni, namsikia anapumua, nimwambie. Nikamwambia umetia sahihi kwamba habari za ofisi hazitoki ofisini. Ukifungua mdomo mnaenda ndani wote wawili, wewe kwa kusema na yeye kwa kusikia." Karani alifunga bahasha. "Sikumaanisha hivyo vya pili. Nilitaka kumtisha tu. Hakufungua mdomo, namsifu kwa hilo. Na hata kwa kunyamaza kwake, jana jozi ingetolewa na Nguzo angekuja hapa, ningempa kila kitu mkononi kabla ya gari la saa sita. Utaratibu ni utaratibu. Sasa wewe ndiye uliyeandika asiondoke."

Ile karatasi yenye sahihi ya Sajini ilikuwa imebanwa ukutani nyuma ya karani, sawia kabisa, pini nne kwenye kona nne.

Ilikuwa saa saba na robo. Sajini aliibandua, akaichana vipande viwili, akavitia mfukoni.

Kapteni alikuwa uwanjani. Watu wanane waliinua jeneza la mchanga, na kweli lilielemea kushoto, upande wa Chumvi.

"Simhitaji tena Nguzo," Sajini alisema. "Kesi yangu imefunguka. Jozi ya tatu itolewe kwa kanuni."

"Leo? Jumatano?" Kapteni alimvuta kando. "Jozi ya tatu ndiyo inayobeba kifua cha marehemu. Uzito wote uko pale. Yule ndiye mtu wangu bora. Ulisema abaki."

"Nilikosea. Mama yake amefariki Jumapili. Anazikwa kesho saa nane."

Kapteni alitazama uwanjani, ambako Nguzo alikuwa amesimama chini ya jeneza, macho mbele.

"Ataambiwa Jumamosi jioni. Kila mtu katika shughuli hii amejitolea kitu. Rais anazikwa mara moja."

"Na mama yake mara ngapi, afande?"

"Usinifanyie hivyo, Sajini."

"Sikufanyii kitu. Iko ukutani pale, ya tatu kutoka juu. Niliivunja mimi jana, na nimeandika hivyo kwenye ripoti. Leo ukimzuia utakuwa unaivunja wewe, na hiyo pia nitaiandika."

"Chumvi na mwenzake wamepungua kidole. Dunia nzima itatazama jeneza limepinda!"

Mama Fundi alikuwa amewafuata, na tepu yake shingoni. "Kidole hicho ni changu," alisema. "Kwenye bega la koti kuna ngozi ndani, mnajua, ili ubao usiwaumize. Naongeza ngozi mbili kila mmoja, naweka pamba juu, nabana. Watakuwa sawa kama wengine. Mazishi yale ya kabla ya haya, jozi ya nne nzima ilikuwa ya kupandishwa. Kuna aliyeona?"

"Jozi ya nne?" Kapteni alisema. "Mimi nilikuwa kwenye gwaride lile. Sikuona."

"Basi."

Kapteni alivua kofia, akajipangusa paji la uso, akaivaa tena. Kisha akapaza sauti ya amri. "Teremsheni! Jozi ya akiba, ingia wote wawili! Nguzo, toka!"

Chumvi alibaki ameshika tama kama mtu aliyeitwa kwa bahati mbaya.

Saa nane na nusu Nguzo alikuwa kwenye gari la Sajini, begi magotini. Alikuwa amekabidhiwa simu yake, bado haijawaka. Walipopita lango alisema, "Ni nani?"

Sajini hakuzunguka. "Mama yako. Jumapili alfajiri. Kesho saa nane wanazika, wanakusubiri. Ungepata habari jana. Mimi ndiye niliyekuzuia."

Gari likapita maduka ya vipuri, shule, daraja. Nguzo hakulia. Alikuwa anahesabu kitu, midomo inacheza.

"Jumapili tulikuwa ofisini," alisema.

"Ndiyo."

"Simu iliita mara moja tu. Nilimsikia anasema ndiyo, ndiyo, nimeandika. Nilimuuliza nani huyo, akasema wamekosea namba."

Sajini aliendesha.

"Ndiyo maana alinipa yai," Nguzo alisema, na hapo sauti yake ikakatika.

Stendi ilikuwa imejaa. Sajini hakuhitaji kuzunguka. Askari aliyetolewa kambini hushushwa penye lango la mashariki, na mkabala na lango lile, kwenye benchi la saruji chini ya ubao wa nauli, alikuwa amekaa mtu mrefu mwenye gunia la mkate na uso wa siku mbili bila kunyoa. Alipowaona alisimama.

Walitazamana. Nguzo ndiye aliyeanza.

"Wamekosea namba."

"Ndugu yangu, nisamehe, nilikuwa sina njia," Redio alisema, na maneno yakaanza kumwagika. "Nilijaribu bega, daktari akanibonyeza bonyeza akasema zima. Nikasema basi nikiondoka mimi watakutoa na wewe, jana saa sita ungekuwa hapa, nimekaa hapa jana mpaka basi likaondoka, kila gari la jeshi nasimama, nikasema labda leo, konda amenihamishia tiketi baada ya kumsimulia habari yako yote, sasa stendi nzima wanakujua, yule mama wa kahawa amekuwekea chupa, mjomba wako nimempigia jana kwa simu ya duka nimemwambia wasizike kabla hujafika hata iweje, akasema kaburi tayari ila watangoja, na mama yako, mjomba anasema hakuteseka, alilala tu. Hilo nilitaka ulisikie kwangu. Nilitaka ulisikie Jumapili."

Nguzo alimshika bega, lile la kulia, la kubebea. Walikaa hivyo.

"Nilidhani nimekukosea," alisema.

Konda alikuwa anaita. Redio alitoa tiketi mbili mfukoni, akamtazama Sajini.

"Nilikata mbili, afande. Nilidhani labda nitamsindikiza." Kisha akanyoosha mikono, viganja pamoja.

"Shusha mikono, watu wanatazama," Sajini alisema. "Umetoroka kambi siku mbili wakati wa shughuli ya taifa. Siwezi kukuacha uende."

"Najua."

"Msindikize mpaka mlango wa basi."

Sajini alibaki nyuma yao hatua tano, kama alivyofundishwa kumfuata mtu aliye chini ya ulinzi. Stendi ilikuwa na mashimo, maji machafu, mizigo njiani, watu wa kila upande. Wawili wale walipita katikati bila kutazama chini. Mguu wa kushoto pamoja, wa kulia pamoja. Msumari naye alikuwa akitembea hivyo, kidogo mbele kwa nusu unyayo, kila mara akirudishwa.

Mlangoni Redio alimpa tiketi zote mbili. "Hii ya pili weka begi. Mtu asikubane, una miguu mirefu." Kisha akatia mkono mfukoni na kutoa glavu nyeupe, zimekunjwa. "Hizi ni zangu za mazoezi. Nilizokuwekea ziko ghalani. Chukua hizi."

Nguzo alizichukua. Basi liliondoka saa kumi na dakika nane.

Njiani kurudi Redio aliongea mpaka darajani, kisha akauliza, "Afande, wanasema na wewe ulibeba zamani. Pacha wako yuko wapi?"

"Nitakusimulia," Sajini alisema, "tuna safari ya dakika ishirini." Na akamsimulia.

Alhamisi saa mbili asubuhi simu ya karani iliita. Alikuwa mjomba. Nguzo amefika.

Jumamosi jeneza lilipita barabarani bila kupinda. Mama Fundi alilitazama kwenye televisheni ndogo ya ghalani, kisha akachukua penseli na kuandika kwenye mwimo jozi nne za mwaka huu. Jina la Chumvi na la mwenzake aliyaandika kwenye nafasi ya tatu. Kando yake, kwa herufi ndogo, akaandika mengine mawili, na hakuna aliyemkataza.

Redio yuko mahabusu. Kesi yake itasikilizwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Shahidi ni mmoja, Sajini, na ameitwa na pande zote mbili.